Ukurasa Uliokatwa

Bweni, chumba namba 14
6 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui kama salamu hii ina pa kutua, ila nimelelewa kwamba mkubwa husalimiwa kwanza, mengine baadaye. Mimi ni mzima. Mama yangu naye ni mzima, kwa maana kwamba anakula na anakwenda kazini. Hunijui, kwa hiyo habari za kwetu kwako ni kama redio ya jirani, lakini vumilia kidogo.

Mimi ni mtoto wa baba yako.

Nimeiandika sentensi hiyo mara nne kwenye karatasi nyingine kabla ya kuileta hapa. Habari mbaya nayo niiseme mapema: baba alifariki mwezi wa tisa mwaka jana. Ni moyo. Alikuwa juu ya ngazi akichora kibao cha duka la viatu, akashuka, akakaa kibarazani, akamwambia mwenye duka anapumzika kidogo. Hakuanguka. Watu wote huuliza kama alianguka.

Siku ya mazishi alikuja mzee mmoja, fundi vibao mwenzake wa zamani. Akanivuta pembeni, akasema, "Poleni, watoto wote wawili." Nikamwambia niko peke yangu. Akanitazama, kisha akasema huko walikoanzia kazi yuko mwingine, mkubwa kwangu sana, anashona mashuka ya hospitali. Nikamwomba basi awapelekee taarifa. Akakataa. Alisema yeye ni mchora vibao, si tarishi wa misiba. Anwani hii ya sanduku la posta ndiyo alikubali kunipa, tena baada ya kunizungusha sana.

Miezi mitano nimekaa nayo. Sasa naandika kwa sababu nasoma sanaa, mwaka wa pili, na mwalimu wetu wa uchapaji ametupa kazi. Tunamwita Pima Tena, maana hilo ndilo neno lake la kuamkia na la kuagia. Kila mmoja atengeneze kijarida chake mwenyewe, cha mkono: unaandika, unachora, unakata na kubandika, unatoa fotokopi, unakunja, unashona. Kikuhusu wewe na si mtu mwingine. Wenzangu wamefika mbali. Mimi niliandika ukurasa wa kwanza, "Ni mtoto wa pekee," nikaufuta.

Sikuombi kitu. Nataka tu kujua alikuwa nani kabla hajawa baba yangu.

Mdogo wako, ukinikubali.


Chumba cha Ushonaji, Hospitali
2 Aprili

Kwa mwandishi wa barua,

Barua yako ilifika zamani. Ilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Hapa tu wazima. Mama anasumbuliwa na miguu.

Nimesikia ulichosema. Pole kwako na kwa mama yako. Mimi sina wa kunipa pole kwa sababu sijamwambia mtu.

Mama hajui, na hatajua. Kwake yeye mume wake yuko kazini mbali. Amekuwa kazini mbali miaka thelathini na miwili. Usiandike nyumbani, usimtume mtu, wala usitafute namba yangu ya simu. Kwenye chumba cha kushona simu haziruhusiwi, kwa hiyo yangu naiacha nyumbani na mama ndiye anayeipokea.

Hicho kijarida sikielewi. Kama ni masomo, andika kuhusu mama yako. Mimi sina la kukuambia.

Mshonaji.

Alikuwa amefika miaka mingapi?


Bweni
10 Aprili

Dada,

Shikamoo tena. Ile ya kwanza haikuitikiwa, lakini sikulaumu, posta hupoteza vitu. Pole na miguu ya Mama Mkubwa. Nimemwita hivyo, kama ni kosa utanisahihisha.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Nywele zilibaki pembeni tu.

Kwetu hakuna jipya. Mama hajakifungua chumba cha kazi cha baba tangu msiba. Mimi na yeye tunaongea kwa simu kila Jumapili, na tunaongea kuhusu maji: yanatoka, hayatoki, yalitoka juzi. Maji yakiisha tunaagana. Sijamwambia kwamba nakuandikia. Aliwahi kusema baba alikuwa na maisha mengine kabla yake, na alilisema kwa namna ya mtu anayefunga kabati.

Mwenzangu wa chumbani amehama, amekwenda kukaa kwa dada yake mjini. Kitanda chake kimebaki na godoro lililokunjwa. Mwanzoni nilifurahi, nikasema sasa nina nafasi ya kutandaza karatasi. Nimezitandaza juu ya kitanda chake zote, na ninapoingia kutoka darasani huwa natamka "nimerudi," halafu nakumbuka nazisemesha karatasi.

Kijarida kinanishinda kwenye kushona. Wenzangu wanabana kwa pini za stepla, mimi nataka uzi, lakini uzi unachana karatasi pale kwenye mkunjo. Najua umesema huna la kuniambia. Hili si la baba. Ni la uzi.

Mdogo wako.


Chumba cha Ushonaji
29 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Na ile ya kwanza pia, marahaba.

Mama hajambo. Mvua imeingia jikoni, tumesogeza meza. Kazini tumeletewa mashuka mia mbili ya kutia viraka, na msimamizi wetu, tunayemwita Bi Pasi kwa sababu hakuna asichokinyoosha, anataka yote mwisho wa mwezi.

Sindano yako ni nene na matundu yako yamekaribiana. Karatasi si kitambaa, haijirudi. Toboa kwanza kwa sindano nyembamba, matundu matatu tu, moja katikati na mawili mbali. Uzi uupake nta ya mshumaa. Uanzie ndani, umalizie ndani, fundo lisionekane nje. Usivute kwa hasira.

Umeuliza alikuwa nani. Alikuwa mtu wa kuchora mstari mnyoofu bila rula huku anaongea na wapita njia. Alikuwa akiniita Kidoti kwa sababu ya baka langu la shavuni. Aliniketisha juu ya debe la rangi nimshikie brashi, na mama alikuwa akigomba kwa sababu ya nguo. Nilikuwa na miaka minane alipokwenda. Alisema miezi mitatu. Mwaka wa kwanza alituma barua, wa pili alituma salamu, wa tatu hakutuma.

Mama hajaolewa tena. Walikuja wawili, kwa nyakati tofauti, akawafukuza kwa adabu, mmoja alimpa na chai. Kila asubuhi anafungua dirisha la mbele kabla ya la jikoni. Mchana anasoma. Anasoma chochote, hata karatasi iliyofungiwa sukari anainyoosha akaimaliza. Mimi pia sikuolewa, ila kwangu hakuna aliyefukuzwa.

Nimeandika sana. Mkono huu haukuzoea kalamu.

Dada yako.


Bweni
8 Mei

Dada Kidoti,

Shikamoo. Nikome kukuita hivyo? Niambie nitakoma.

Mama amepata mafua, maji yanatoka. Mimi barua yako niliisoma kwenye mkahawa wa chuo nimesimama na sinia mkononi mpaka mpishi akaniuliza kama chakula kina kasoro. Matundu matatu yamekubali. Pima Tena alikigeuza kijarida changu cha majaribio, akatafuta fundo asilione, akauliza nani kanifundisha. Nikasema, dada yangu. Ni mara ya kwanza nalitumia neno hilo mbele ya mtu. Nilitaka aniulize zaidi lakini akahamia meza ya pili.

Kuna jambo linanisumbua. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, likizo, nilikuwa namshikia baba ngazi. Sijui nini kilimpitia, akasema kutoka huko juu, "Nilirudi kwetu mara moja. Nikaambiwa mke wangu ameolewa. Nikageuza." Nikamuuliza nani alimwambia. Akasema nishike ngazi vizuri.

Nimeliweka neno hilo ukurasa wa tano. Lakini wewe unasema Mama Mkubwa hakuolewa na mwingine hata siku moja. Basi nani alimdanganya baba? Ni jirani? Huenda ulikuwa umeshakua wakati huo, ukasikia.

Mdogo wako.


Bweni
3 Juni

Dada,

Shikamoo. Mama amepona mafua. Wiki ya nne hii sijapata barua, nikasema huenda Bi Pasi amekuleteeni mashuka mengine. Kama ni lile swali, liache.

Kijarida kimekamilika. Nakala arobaini, kurasa kumi na sita, nimezishona zote mwenyewe na vidole vyangu vimekuwa kama vya mpiga gitaa. Ninakutumia karatasi zake kwa fotokopi, ambazo hazijashonwa, uzisome kabla ya watu. Ukurasa wa tatu ni wewe juu ya debe la rangi. Uso sikuujua, nimeuacha bila sura. Ukurasa wa tano ni huu: *Baba alirudi mara moja. Aliambiwa mkewe ameolewa. Mkewe hakuolewa. Mpaka leo anafungua dirisha la mbele kwanza.* Kwangu mimi ndio ukurasa mzuri kuliko yote.

Maonyesho ni tarehe 26. Baada ya hapo Pima Tena anataka tusivifungie kabatini, tuviache pale watu wanapokaa kusubiri: vinyozi, stendi, zahanati. Yule mzee fundi vibao nilipomsimulia alifurahi, ameomba nakala kumi. Mwezi wa saba anakuja huko kwenu kumtembelea mwanawe, ataziweka kwenye mabenchi ya hospitali. Nikafikiri Mama Mkubwa huenda akakutana nacho na asijue ni yeye. Au akajua.

Mdogo wako.


Chumba cha Ushonaji
14 Juni

Mdogo wangu,

Mama hajambo.

Utoe ukurasa wa tano. Katika nakala zote, hata ya kwako. Mama huenda hospitali kila Alhamisi kwa ajili ya miguu, hukaa kwenye mabenchi hayo hayo, na nimekwisha kukuambia anasoma chochote.

Huyo mzee asilete hata kimoja chenye ukurasa huo.

Usiniulize kwa nini. Sijawahi kukuomba kitu.

Dada yako.


Bweni
29 Juni

Dada,

Shikamoo. Mama anakusalimu, au angekusalimu kama angejua upo. Maji hayatoki.

Nimetoa. Nakala arobaini. Barua yako ilifika tarehe 23, zimebaki siku tatu kabla ya maonyesho. Nilikwenda kwa Pima Tena kumwomba nichape upya, akasema mashine ina foleni ya darasa zima, na akauliza kwa nini. Hata mimi mwenyewe nilikuwa nimekatazwa kuuliza.

Ukikata ukurasa wa tano, ule wa kumi na moja unaanguka, ni karatasi moja iliyokunjwa. Wa kumi na moja ni wangu mimi, nilipojichora kitandani. Kwa hiyo sikukata mpaka kwenye uzi. Niliacha kipande cha upana wa kidole ili mshono ushike. Nilikata kwa wembe na rula siku mbili, nimekaa sakafuni, mlango nimeufunga. Nilikasirika, sitakuficha. Nilisema moyoni, huyu ameniitikia shikamoo mara moja tu, na tayari ananiamuru.

Siku ya maonyesho kila mtu alikuja na watu wake. Wa meza ya kulia alikuja na mama, shangazi na mpangaji wao. Mimi nilisimama tangu saa tatu asubuhi. Mama alikuwa kazini. Wengi walifungua kijarida, wakafika pale palipokatwa, wakapapasa kidogo, wakakirudisha mezani taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa chooni akakuta mtu ndani. Mwanamke mmoja aliniuliza, "Hapa palikuwa na nini?" Nikasema ni makosa ya uchapaji. Pima Tena alisikia. Alichukua nakala moja akaitia mfukoni, na hakufanya hivyo kwa mwingine yeyote. Sijui ni sifa au ni huruma.

Nakutumia nakala yako. Mzee nimempa kumi kama hii. Ndani yake hakuna tena kinachokudhuru, sijui kilichokuwa kinakudhuru ni nini.

Mdogo wako.


Chumba cha Ushonaji
21 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Miguu ya mama imevimba, anapaka dawa. Bi Pasi amestaafu na kiti chake nimepewa mimi. Kiko karibu na dirisha. Hizo ndizo habari.

Kijarida nilikifungua saa ya chakula, wenzangu walipotoka. Nilipofika kati, kidole kikagusa kile kipande ulichokiacha. Nimekata vitambaa miaka ishirini, najua kilichokatwa na mtu mwenye hasira kinavyokaa. Wewe unasema ulikuwa na hasira, lakini ulikata vizuri, nakala arobaini, kwa sababu tu niliomba. Nikaona haya. Nikakunja kijarida, nikashindwa kula.

Si jirani aliyemdanganya baba. Ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za watu na siku hiyo hakuwepo. Ilikuwa adhuhuri. Nilikuwa nimepiga deki na kuacha mlango wazi sakafu ikauke. Mtu akaja akasimama nje, hakukanyaga penye maji. Nilimjua kwa kucha, zilikuwa na rangi ya bluu. Mkononi alishika viatu vya shule vilivyofungwa pamoja kwa kamba zake. Vya mtoto wa miaka tisa, kumi. Mimi wakati huo nilikuwa navaa viatu vya mama.

Sijui kama vingekuwa saizi yangu ingekuwaje. Nilivitazama hivyo viatu, miaka tisa yote ikanipanda kichwani.

Akauliza, "Mama yupo?"

Nikamwambia, "Ameolewa. Amehama."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mpangaji."

Akanitazama. Baka langu liko shavuni, halijahama. Alijua, mdogo wangu. Alijua mimi ni nani na alijua nataka aondoke, ila sidhani kama alijua kwamba lile la kwanza ni uongo. Akauliza, "Huyo aliyemwoa, anamtunza?"

Nikasema, "Sana."

Akasema, "Nashukuru." Akageuka na viatu vyake.

Nilidhani namwadhibu wiki moja. Nilidhani atarudi, atabisha, atapiga kelele kama mtu mwenye kwake, na hapo nitamwita mama. Nilikaa mlangoni siku nyingi. Hakurudi. Mama jioni ile aliona nyayo nje akauliza nani alikuja, nikasema muuza sabuni. Na neno la namna hiyo usipolitoa siku ya kwanza, ya pili limekuwa zito, na baada ya mwaka unalizunguka kama kabati ambalo haliwezi kuhamishwa.

Ndiyo maana sijatoka nyumbani. Watu wa mtaani humwambia mama amebarikiwa binti. Mimi nikisikia hayo naingia jikoni.

Mama angeusoma ukurasa wako wa tano angejua papo hapo. Nyumba ile tulikuwa wawili tu.

Sikuombi unisamehe. Nimekuambia kwa sababu uliuliza, na kwa sababu ulikata.

Dada yako.


Bweni
4 Agosti

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo. Likizo imeanza, bweni limebaki na watu watano, na mpishi amefunga jikoni. Ningeweza kwenda nyumbani, lakini kule chumba cha kazi cha baba kimefungwa na hapa angalau kilichofungwa si changu.

Barua yako imekaa nami siku sita. Mwanzoni nilikukasirikia kwa ajili ya Mama Mkubwa. Kisha nikahesabu. Baba alimwoa mama yangu mwaka mmoja baada ya siku uliyopiga deki. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Ungemwambia aingie, asubiri mama yako atoke kazini, mimi nisingekuwepo. Basi hasira yangu nikiifuata mpaka mwisho inanifuta mimi mwenyewe. Kukushukuru nako siwezi, ni jambo la aibu kumshukuru mtu kwa hilo. Kwa hiyo sijui nikuambie nini. Nilitoka nikanunua mkate nikarudi, bado sikujua.

Naweza kukuambia alikuwaje kwetu. Hakuwa mtu wa majonzi. Alikuwa akicheka na wateja, alikuwa akidanganya katika karata. Ila kila nilipohitaji viatu vya shule hakukubali kununua bila mimi kuwepo. Mama alikuwa akimwambia chukua kipimo cha mguu kwa uzi uende, yeye anasema hapana, mtoto aje mwenyewe avae. Nilidhani ni ubishi wake tu.

Sikwambii umwambie Mama Mkubwa. Mimi ni mdogo, na mama ni wako. Ila mimi nilipata mazishi. Watu walikuja, walilia, walikula, waliondoka, nikajua yamekwisha. Yeye bado hajapata. Nalifikiria lile dirisha.

Mdogo wako.


Chumba cha Ushonaji
31 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo mwilini.

Nilimwambia Jumapili ya tarehe 19, asubuhi, akichambua mchele. Nilianza na kifo. Aliendelea kuchambua. Kisha nikamwambia la mlangoni, lote, na viatu, na neno "mpangaji." Akaniambia, "Rudia hilo la mwisho." Nikarudia. Akauweka ungo chini, akaenda akalifunga dirisha la mbele, akaingia chumbani kwake.

Tangu hapo hasemi nami. Si kwa kelele. Anapika, anapakua, sahani yangu anaifunika na kuiacha mezani. Nikimwamkia, ananitazama kama mtu aliyeulizwa njia na hajui. Majirani walikuja kumpa pole, aliwapokea vizuri, aliongea nao. Mimi nilikuwa nikipitisha maji ya kunywa. Miaka arobaini nimeishi na mama yangu na sikujua nyumba ile ni kubwa hivi.

Sijuti kumwambia. Siwezi kusema nina raha.

Jana, siku ya kumi na mbili, nilirudi kazini nikamkuta ameketi na kijarida chako. Alikuwa amekitoa kwenye mkoba wangu. Alikuwa anakisoma kwa mara ya ngapi sijui. Akanyanyua uso akaniambia, "Muulize huyo mtoto. Baba yake aliacha kukoroma?"

Ni hayo tu. Akarudi kusoma. Leo asubuhi tena kimya.

Sielewi ni swali la namna gani, lakini ndilo neno pekee alilonituma tangu siku ile. Nakuomba ulijibu upesi.

Dada yako.


Nyumbani
8 Septemba

Dada Kidoti,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama Mkubwa, mfikishie hata kama haitiki.

Utaona nimeandika nyumbani. Barua yako nilifika nayo huku, kwa sababu swali lile lilinishinda. Mimi nilikuwa nikimsikia kupitia ukutani, ndiyo, lakini nilimsikia kama mtoto anavyosikia, na niliona aliyeuliza hakutaka jibu la mtoto.

Basi nikamwambia mama yangu. Tulikuwa tunakunja nguo. Nilimweleza kila kitu tangu Februari: wewe, barua, ukurasa niliokata, mlango, Mama Mkubwa na miaka yake yote. Sikumficha hata la viatu. Alikunja shuka moja hilo hilo mara tatu. Nilipomaliza nikamsomea swali kama ulivyoliandika.

Alilikunja tena lile shuka, nikajua nimeharibu. Kisha akacheka. Dada, tangu mazishi sijamsikia akicheka, na kicheko chenyewe kilimtoka vibaya, akashika mdomo, akakaa kitandani upande aliokuwa akilala baba. Alilia baadaye, lakini kwanza alicheka.

Akasema, "Niandikie." Nikachukua kalamu. Naandika kama alivyosema, sijaongeza wala kupunguza:

"Mwambie mwenzangu hakuacha. Mwambie mimi nilikuwa nikimgeuza ubavu, ananyamaza kidogo anaanza tena. Muulize, yeye alikuwa akifanyaje?"

Mdogo wako.